Mzee Anayetetemeka: Jina la Kwanza Lisifunge Faili



Mzee akiingia kliniki mkono unatetemeka, wengi wetu huandika Parkinson hata hajakaa kitini. Hoja yangu ni kwamba kwa mtu wa miaka 70 na kuendelea huenda yapo magonjwa mawili, au upo mmoja na dawa inayoiga dalili za mwingine.

Nianze na dawa. Kabla ya kushika nyundo ya kupimia, mwombeni aliyemsindikiza aziweke mezani zote, za hospitali na za dukani. Metoklopramidi ya kichefuchefu, haloperidoli, sinarizini ya kizunguzungu: zote zaweza kuzuia kazi ya dopamini, mtu akawa mzito, akakakamaa, akatetemeka. Zikisitishwa, dalili huweza kuchukua miezi kuisha. Zisipoisha, pengine Parkinson ilikuwa inanyemelea, dawa ikaifichua.

Sasa mkono. Auweke juu ya paja, ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Mtetemeko wa Parkinson huzidi hapo, akili ikiwa na kazi. Ule unaotembea katika familia hutulia mkono ukipumzika, hurudi akishika kikombe. Vitabuni mambo ni safi hivyo. Lakini mgonjwa wa Parkinson akinyoosha mikono mbele, mtetemeko hupotea sekunde chache kisha ukarejea, nawe ukadhani ni ule wa familia. Na mtu aliyeishi na ule wa familia tangu ujana hana kinga ya Parkinson uzeeni.

Ndiyo maana mimi hutazama wepesi kuliko mtetemeko. Agonganishe kidole gumba na cha shahada, kwa kasi na kwa upana. Katika Parkinson mwanya kati ya vidole hupungua kadiri anavyoendelea. Mwenye baridi yabisi aweza kuwa taratibu, ila mwanya haupungui hivyo.

Miguu nayo ina habari zake. Anayeanguka mapema, hasa kinyumenyume, na macho hayashuki kutazama chini, huenda ana ugonjwa walioueleza Steele, Richardson na Olszewski mwaka 1964. Hatua zilizoganda sakafuni, mkojo usiozuilika na usahaulifu vikikutana, ombeni picha ya ubongo: huenda ni maji yaliyozidi. Na magoti myapime. Mara nyingine shida ni goti tu.

Haya yanatuhusu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, uliochapishwa 2008, uliwakuta wenye Parkinson ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Mkiamua kujaribu levodopa, anzeni na dozi ndogo, pandisheni polepole. Wiki moja ya dozi ndogo haithibitishi wala haikanushi kitu. Akiridhia, mrekodini kwa simu akitembea na kugonganisha vidole kabla ya kuanza, na tena dozi ikishafikia kiwango cha kutosha. Familia itasema ana nafuu kwa sababu mkono umetulia. Ninyi tazameni kama anainuka kitini peke yake.