Mtoto Asiyepata Choo: Tulikotoka na Tulipofika

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya wahudumu wa afya wa vijiji)



Nimeombwa kusema juu ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung. Jina hilo ni la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark, aliyeueleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, wavulana zaidi kuliko wasichana.

Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana wa mtoto huyu haina chembe za neva za kuuwezesha kulegea na kusukuma choo. Choo hukwama juu yake, tumbo likajaa. Zamani madaktari walidhani kasoro iko kwenye utumbo uliotanuka. Mwaka 1948 Orvar Swenson wa Marekani alieleza operesheni ya kuondoa sehemu isiyo na neva na kuunganisha utumbo mzima.

Kwa miaka mingi mtoto alifanyiwa operesheni tatu: kutobolewa tundu la choo tumboni, kuondolewa sehemu mbovu, kisha kufungwa tundu. Mwaka 1998 madaktari wa Mexico walieleza namna ya kuimaliza kazi kwa mara moja kupitia njia ya haja kubwa, bila kupasua tumbo. Njia hiyo sasa imeenea, hasa kwa mtoto aliyeletwa mapema.

Hilo neno "mapema" ndilo linalotuhusu. Anayechelewa hufika amekonda, utumbo umetanuka, na mara nyingi huanza na lile tundu. Asiye na uwezo wa kununua mifuko hufunga vitambaa na kuvifua kila siku. Wengine huwa wamezungushwa kwa waganga, eti mtoto amelogwa.

Tufanye nini?

Kwanza, tumuulize kila mama: mtoto amepata kile choo cheusi cha kwanza? Karibu watoto wote waliotimiza miezi tumboni hukipata ndani ya saa 48. Asipopata, au tumbo likivimba, au akitapika kijani, asipewe mitishamba. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pili, tuwafuatilie waliokwisha kutibiwa. Homa, tumbo kujaa na kuharisha kunakonuka sana ni dalili za uvimbe mkali wa utumbo, ambao huweza kuua haraka hata baada ya operesheni. Huyo naye ni wa hospitali mara moja.

Ndugu zangu, kisu ni cha daktari, lakini swali la choo ni letu. Tusione haya kuliuliza.