Alikwambia Nini Siku Ulipompa Pesa?

Msikilizaji, ukienda kituo cha polisi kuripoti kwamba umetapeliwa, kuna swali moja litakaloamua kama una kesi au huna: yule mtu alikwambia nini siku ile ulipompa pesa?

Kila wiki tunasikia katika habari za mahakamani kwamba fulani amefikishwa kizimbani kwa kujipatia pesa kwa njia ya ulaghai. Shtaka hilo latoka kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na adhabu yake haizidi miaka 3 jela. Lakini mzigo wote wa kesi umebebwa na kifungu kinachotangulia, cha 312. Hicho chasema ulaghai ni uongo kuhusu jambo lililokwisha kutokea au lililopo sasa, na msemaji ajue kuwa ni uongo. Ahadi ya kesho haimo. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa ilishikilia hivyo hivyo, na kesi nyingi zimeanguka hapo.

Tuseme umepelekwa Ruai Jumamosi kuonyeshwa kiwanja. Udongo mweusi umekunasa viatu. Mwenyeji wako anakanyaga jiwe la mpaka na kunyoosha mkono: "Kuanzia hapa hadi kwenye ule mti ni kwangu. Hati iko kwa wakili." Unatuma amana kwa simu papo hapo. Mwezi mmoja baadaye unagundua kiwanja ni cha mtu mwingine kabisa. Huyo amesema uongo kuhusu kitu kilichopo, na ana kesi ya kujibu.

Sasa chukua mtu yuleyule, jiwe lilelile, lakini maneno yawe haya: "Nipe laki mbili, nikilinunua shamba hili nitakukatia kipande." Akakosa kununua, na pesa zikaisha. Hapo umevunjiwa makubaliano, na njia yako ni kesi ya madai. Najua jambo hili linauma, maana mfuko ni mtupu vilevile. Hata hivyo naliunga mkono. Pasipo mpaka huo, kila aliyeshindwa kulipa deni angelala seli, na tayari wako wanaowatumia polisi kukusanya madeni yao. Mahakama Kuu imewahi kusimamisha mashtaka ya namna hiyo.

Kwa mshtakiwa, mambo huanza mapema kuliko hukumu. Akikamatwa, Katiba yataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kisha kuna dhamana ya kutafuta na siku za kazi zinazoishia kwenye benchi la mahakama kila kesi inapotajwa. Kama waliolizwa ni kumi, aweza kusomewa mashtaka kumi. Hakimu ana uwezo wa kumtoza faini badala ya kumfunga. Lakini akipatikana na hatia, rekodi hiyo itamfuata anapoomba cheti cha tabia njema ili aajiriwe. Na ulaghai uliofanywa kwa kuchezea kompyuta una sheria yake ya mwaka 2018, ambayo ni kali zaidi: hadi miaka 10 jela, au faini ya hadi Sh20 milioni, au vyote viwili.

Na aliyeibiwa je? Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Watu hungoja hukumu kwa miaka wakiamini kwamba mtu akifungwa, pesa zitarudi. Hazirudi zenyewe. Kifungu cha 175 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu hakimu, baada ya kumtia mtu hatiani, kuamuru amlipe fidia aliyemdhulumu. Mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unaitaka amri hiyo. Pia sheria haikuzuii kufungua kesi ya madai wakati ile ya jinai ikiendelea.

Kwa hiyo nakuomba, msikilizaji. Kabla hujabonyeza namba yako ya siri, mpe muuzaji karatasi na kalamu. Aandike kwa mkono wake: mimi ndiye mwenye kiwanja namba fulani, na hati ninayo leo. Aweke sahihi, tarehe na namba ya kitambulisho. Kisha nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe jina lililo kwenye rejista. Akikataa kuandika, rudi nyumbani na pesa zako. Na kama umekwisha kulipa, usiufute ujumbe wa malipo kwenye simu. Huo ni ushahidi wako.