Maji ya Uti wa Mgongo na Kifua Kikuu cha Watoto: Usikatae Kipimo

Hotuba ya afisa wa kifua kikuu wa kaunti mbele ya wakazi na wahudumu wa afya ya jamii, Siku ya Kifua Kikuu Duniani



Leo ni Machi 24. Siku kama hii mwaka wa 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua kijidudu kinacholeta kifua kikuu, yaani TB. Tumezoea kuijua TB kwa kikohozi. Leo sitazungumza juu ya kikohozi. Nitazungumza juu ya TB inayoingia kichwani mwa mtoto mdogo, na juu ya kipimo kimoja ambacho wazazi wengi wanakiogopa: kutolewa maji ya uti wa mgongo.

Ubongo na uti wa mgongo umefunikwa na utando, na ndani ya utando huo mna maji safi yanayouzunguka. Mtoto akivuta hewa yenye vijidudu vya TB kutoka kwa mtu mzima anayekohoa, vijidudu vinaweza kutoka kwenye mapafu, vikaingia katika damu na kufika kwenye utando huo. Hapo ndipo mtoto hupata homa ya uti wa mgongo inayotokana na TB. Walio katika hatari kubwa ni watoto wa chini ya miaka mitano, hasa wa chini ya miaka miwili, na wale wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Ugonjwa huu ndio mbaya kuliko aina zote za TB. Mwaka wa 2014 wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba hata miongoni mwa watoto waliotibiwa, karibu mmoja kati ya watano alifariki, na zaidi ya nusu ya walionusurika walibaki na matatizo kama kupooza, kutoona vizuri, kutosikia au kuchelewa kujifunza. Walioanza dawa mapema ndio waliofanya vizuri zaidi. Kwa hivyo kila siku tunayopoteza ina gharama.

Taabu ni kwamba ugonjwa huu huanza polepole. Wiki ya kwanza mtoto ana homa isiyoisha, hataki kula, anatapika bila kuharisha, uzito haupandi. Analia ovyo au analala kupita kawaida. Mtoto aliyekuwa akicheza anakaa tu. Nyumbani tunasema ni malaria, au ni meno. Tunanunua dawa dukani, homa inashuka, halafu inarudi. Baadaye shingo inakakamaa, utosi wa mtoto mchanga unavimba, macho yanakwenda upande, degedege inaingia, mkono na mguu wa upande mmoja unalegea. Wengine hapo husema mtoto amerogwa. Tukifika hospitalini wakati huo, tumechelewa.

Sasa, daktari anajuaje kama ni TB au ni ugonjwa mwingine? Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi, na wengi wa watoto hawa hata hawakohoi. Picha ya kifua inaweza kusaidia, lakini haitoshi. Ushahidi uko katika yale maji yanayozunguka ubongo. Ndiyo maana daktari anaomba ruhusa ya kuyatoa.

Najua linalosemwa vijijini: kwamba sindano ya mgongo inapoozesha, na kwamba mtoto akidungwa hatoki. Nisikilizeni vizuri. Uti wa mgongo haufiki hadi chini kabisa ya mgongo. Unaishia juu ya kiuno. Daktari anadunga chini ya hapo, mahali ambapo pamebaki maji na nyuzi za neva tu. Anachotoa ni kidogo, kama nusu kijiko cha chai, na mwili unatengeneza mengine siku hiyo hiyo. Mtoto anaweza kuumwa mgongo au kichwa kwa siku chache. Kuna watoto ambao daktari ataamua wasidungwe kwanza, kwa mfano akiona dalili za shinikizo kubwa ndani ya kichwa. Lakini njia hii imetumika tangu mwaka wa 1891. Mara nyingi mtoto anayesemekana ameuawa na sindano alifikishwa akiwa amezidiwa, na ni ugonjwa uliomchukua. Lawama zikaangukia sindano.

Maji hayo yakifika maabara, yanasomwa kwa njia kadhaa. Kwanza ni kwa macho. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wengine mara nyingi huyafanya yawe na ukungu kama maji ya mchele. Ya TB mara nyingi huonekana masafi, lakini yakiachwa kwenye chupa, wakati mwingine hufanya utando mwembamba kama wa buibui. Utando huo ni protini iliyoganda.

Pili, maabara inapima protini, sukari na chembe nyeupe za damu. Mtoto mwenye TB ya utando wa ubongo kwa kawaida protini yake imepanda na sukari imeshuka. Tatu, vijidudu vyenyewe vinatafutwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Vinaweza pia kuoteshwa maabara, lakini hiyo huchukua wiki kadhaa, na mtoto hawezi kungoja wiki kadhaa.

Hapa kuna jambo ambalo lazima mlijue. Vijidudu vya TB katika maji hayo huwa vichache sana. Kwa hivyo GeneXpert ikisema haijaviona, haina maana kwamba mtoto hana TB. Daktari anaweza kuanza dawa kwa kuangalia dalili, protini, sukari, na habari kwamba nyumbani kuna mtu mwenye TB. Mzazi asishangae akisikia, "Kipimo hakijaonyesha, lakini tunaanza dawa." Huko si kubahatisha.

Kwa sababu hiyo wanasayansi wanatafuta njia nyingine. Badala ya kukisaka kijidudu kilichojificha, wanaangalia mwili wenyewe unavyopiga kelele. Adui akiingia, chembe za kinga hutoa protini za kuitana na kupigana. Mfano ni interferoni gama, ambayo huamsha chembe zinazokula vijidudu, na nyingine iitwayo VEGF, ambayo huchochea kuota kwa mishipa ya damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walipima protini nyingi za namna hii katika maji ya uti wa mgongo ya watoto waliolazwa Cape Town. Matokeo waliyochapisha mwaka wa 2019 yalionyesha kwamba protini tatu au nne zikisomwa pamoja ziliwatenganisha vizuri watoto wenye TB ya utando wa ubongo na wale wenye magonjwa mengine.

Hiyo ni habari njema, lakini nisiwauzie mbuzi ndani ya gunia. Watoto waliopimwa hawakufika hamsini, na kipimo hicho bado ni cha utafiti. Usiende hospitalini kukidai. Ninalotaka mlishike ni hili: kipimo cha leo na hicho cha kesho vyote vinategemea maji yale yale. Mzazi akikataa maji yasitolewe, hakuna mashine itakayomsaidia daktari.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtoto apate chanjo ya BCG mara anapozaliwa. Chanjo hii haizuii TB yote, lakini humkinga mtoto mdogo na TB hii ya kichwani. Angalia Kijitabu cha Mama na Mtoto, hakikisha imeandikwa.

Pili, mtu mzima akipatikana na TB nyumbani, leteni watoto wote wapimwe. Wa chini ya miaka mitano ambao hawajaugua watapewa dawa za kujikinga. Wahudumu wa afya ya jamii, hii ni kazi yenu kubwa. Msitoke kwenye boma bila kuuliza kuhusu watoto.

Tatu, homa ikipita siku chache na mtoto amebadilika tabia, usirudi dukani. Nenda kituo cha afya, na useme bila kuulizwa: "Nyumbani kuna mtu anakohoa," au, "Shangazi yake anatumia dawa za TB." Sentensi hiyo moja inaweza kufupisha safari ya daktari.

Nne, ukiombwa ruhusa ya kutoa maji, uliza maswali yako yote, kisha ukubali mapema. Baba akiwa mbali, apigiwe simu saa hiyo hiyo. Tusimngoje mpaka Jumamosi.

Tano, dawa zikianza, zimalizwe. Kwa kawaida matibabu haya huchukua mwaka mzima, na mwanzoni huongezwa dawa ya kupunguza uvimbe kichwani. Mtoto akianza kucheza tena, usiache. Dawa za TB katika hospitali za serikali hutolewa bila malipo.

Majirani, mtoto hawezi kusema kichwa chake kinamwuma namna gani. Maji yale ndiyo yanayomsemea. Tuyaache yaseme mapema.