Tarehe Iliyo Ndani ya Faili

Huko Ruponda, wilayani Nachingwea, karatasi ya ardhi huanzia kwenye daftari. Mtendaji wa kijiji huandika muhtasari wa mkutano mkuu kwa kalamu, ukapelekwa steshenari mjini kuchapwa, ukarudi kugongwa muhuri. Miaka ikipita na shamba la mikorosho likigombewa, swali huwa moja: muhtasari huu uliandikwa kabla ya ugomvi au baada yake?

Tarehe ya juu ya karatasi haimalizi ubishi. Mchapaji huandika tarehe anayoambiwa. Kompyuta nayo huandika yake, bila kuambiwa.

Katika Word, tarehe hiyo huonekana kwenye taarifa za faili: siku iliyoundwa na siku iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Lakini ina mitego. Faili ikinakiliwa kwenye flashi, Windows huihesabu siku ya kunakili kuwa siku ya kuundwa; ndipo hati huonekana imezaliwa leo, ikarekebishwa mwaka juzi! Mchapaji akinakili faili ya barua ya zamani na kubadili maneno tu, barua mpya, kwa hesabu ya Word yenyewe, hurithi tarehe ya kuundwa ya ile ya kale. Na ndani kabisa ya faili, Word huandika saa za kimataifa: kazi ya saa mbili asubuhi Nachingwea husomeka 5:00.

Mambo haya yamefika hadi kwenye mahakama kubwa. Tarehe 5 Septemba 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kupinga matokeo ya urais ama zilikuwa za uchaguzi wa 2017, ama zilighushiwa. Nchini Pakistan, mwaka 2017, wachunguzi walishika hati ya familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif yenye tarehe ya Februari 2006, imechapwa kwa herufi za Calibri zilizoingia sokoni 2007.

Tanzania inayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kifungu cha 18 kinaitaka mahakama ipime jinsi hati ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na jinsi aliyeianzisha alivyotambuliwa. Inasikitisha, basi, kwamba mwanakijiji hulipia uchapaji akaondoka na karatasi tu, faili ikabaki kwa mwenye duka hadi itakapofutwa. Mtendaji akiituma siku ileile kwa barua pepe ya ofisi, tarehe ya kupokelewa hubaki kwenye mtambo ambao hauko mikononi mwa mtendaji wala mwa wanaogombea shamba.