Gharama ya Kusubiri: Zuio la Ujenzi Kigamboni na Kitabu cha Bajeti



Nimeombwa nizungumzie namna serikali za mitaa zinavyoamua mambo ya majengo, kazi za umma na bajeti. Nitabaki Kigamboni, na hata nikiwa Kigamboni nitashika jambo moja tu: amri ya kumzuia mtu asijenge. Ninavyoona mimi, amri hiyo ni matumizi ya umma sawasawa na barabara au zahanati. Tofauti ni kwamba fedha zake hutoka moja kwa moja mifukoni mwa wakazi bila kupita kwenye kitabu chochote cha bajeti. Na kwa kuwa hazipiti kwenye kitabu, diwani hazijadili, mkaguzi hazikagui, wala hakuna wa kuulizwa zitakoma lini.

Oktoba 2008 Serikali ilitangaza kuwa sehemu kubwa ya Kigamboni ni eneo la mpango wa Mji Mpya. Wakati huo Kigamboni ilikuwa bado chini ya Manispaa ya Temeke. Mpaka wa kwanza ulizunguka hekta zipatazo 6,500, zikiwemo Kigamboni penyewe, Tungi, Vijibweni na Mjimwema. Michoro ilipendeza: barabara pana, maghorofa, bustani, fukwe zilizopangwa. Pamoja na michoro likaja zuio. Asiwepo wa kuendeleza ardhi ndani ya mpaka kwa miaka 2, ili mpango uandaliwe bila kuingiliwa. Miaka 2 ikapita, mji haujaanza, na wakazi wakaendelea kuambiwa wasubiri. Mwaka 2012 ukaundwa Wakala wa Uendelezaji wa Mji Mpya wa Kigamboni chini ya Wizara ya Ardhi, wakati huo waziri akiwa Profesa Anna Tibaijuka, na eneo lililowekwa mikononi mwa wakala likapanuka hadi kupita hekta 50,000. Alipoingia William Lukuvi kuwa waziri, mradi ulianza kupunguzwa. Baadaye wakala wenyewe ukavunjwa. Mji uliochorwa haukujengwa.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama habari ya mradi uliokwama. Mimi naomba tuitazame kama habari ya mradi uliotekelezwa kwa sehemu, na sehemu iliyotekelezwa ni zuio. Hilo lilifanya kazi yake yote.

Anayejenga nyumba mjini kwetu anajua kuwa nyumba haijengwi kwa mkupuo. Mwaka huu unamwaga msingi, mwakani unapandisha tofali za inchi sita hadi kwenye linta, mwaka unaofuata unatafuta mbao na bati za kupaua. Kwa hiyo siku amri ya kusimamisha ujenzi inapofika, humkuta kila mtu mahali pake katika safari hiyo, na wengi huwakuta na boma. Simama mbele ya boma lililosubiri miaka 6 au 7 karibu na bahari. Nondo zilizoachwa juu ya nguzo ili zipokee linta zimeliwa na chumvi, ukizikwangua zinatoka magamba mekundu. Tofali za safu ya juu, ambazo hazikuwahi kupata bati la kuzifunika, zimekuwa nyeusi kwa ukungu, na chokaa ya maungio imeanza kumomonyoka. Chumba kilichokusudiwa kuwa sebule kimeota mwarobaini. Fundi akiitwa leo hatasema tuendelee tulipoishia. Atasema tubomoe safu 3 za juu, nondo tukate, tuanze upya kuanzia dirishani.

Hiyo ni hasara ya tofali. Kuna ya kipato. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi: mama aliyekusudia kuongeza vyumba 3 vya kupangisha, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa miaka 7 ni shilingi milioni 12 na laki 6. Wakiwa 1,000 wa namna yake, ni shilingi bilioni 12 na milioni 600. Sisemi kwamba hiyo ndiyo hasara ya Kigamboni, ni mfano tu. Ila ninajua kuwa ikitajwa shilingi bilioni 12 katika kikao chochote cha baraza la madiwani, kikao kitasimama. Ikija kwa sura ya vyumba ambavyo havikujengwa, hupita bila hata kutajwa.

Sheria zetu si vipofu kabisa kwa jambo hili. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka katika misingi yake kwamba anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Malipo yakichelewa baada ya uthamini, riba huanza kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya 2016 imekwenda mbele zaidi: uthamini wa fidia una uhai wa miaka 2, ukipita hapo haufai tena. Maana yake sheria inakubali kwamba muda una bei. Lakini saa hiyo ya sheria huanza kugonga siku mthamini anapokuja na kitabu chake. Kigamboni watu waliishi miaka mingi kabla ya siku hiyo. Walikuwa hawajatwaliwa, hawajathaminiwa, hawajalipwa, na hawaruhusiwi kujenga. Hapo katikati, kati ya tangazo na uthamini, sheria haina saa.

Waingereza waliokumbwa na tatizo hili walilitungia dawa. Katika Sheria yao ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1990, mkazi ambaye nyumba yake imeingizwa kwenye mpango wa umma, akajaribu kuiuza na asipate mnunuzi isipokuwa kwa bei ya kutupa, anaweza kuiandikia mamlaka notisi ya kuitaka inunue mali hiyo. Si mamlaka inayomwendea mkazi, ni mkazi anayeiendea mamlaka: umeniharibia bei, sasa nunua. Mamlaka inayojua kuwa inaweza kuandikiwa barua ya namna hiyo itafikiri mara mbili kabla ya kupanua mpaka kutoka hekta 6,500 hadi 50,000.

Baadhi yenu mtasema nimesahau upande wa pili. Sijausahau. Mji haupangwi bila kumzuia mtu yeyote. Tangazo la mradi likitoka bila zuio, zitaota nyumba za usiku mmoja, vyumba vya tofali zisizoiva, minazi iliyopandwa jana, vyote vikisubiri fidia. Hilo hutokea, na maofisa mipango waliomo humu wanaweza kulithibitisha. Zuio ni chombo halali. Ninachokataa ni chombo kisicho na bei wala tarehe.

Na bei ikiwepo, watu huuliza. Katika miaka hiyohiyo ya kusubiri, huko Kigamboni palianza kuinuka mji wa Dege, ubia wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na kampuni binafsi, uliokusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Ulisimama mwaka 2016, na maghorofa yake yasiyokamilika yanaonekana mpaka baharini. Mradi ule ulihojiwa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aliandika kuhusu thamani ya ardhi iliyoingizwa kwenye ubia, Bunge lilijadili, magazeti yaliandika. Iliwezekana kwa sababu fedha zilikuwa za wanachama wa mfuko na zilikuwa kwenye vitabu. Boma la mkazi wa kawaida wa Tungi nalo ni jengo lililokwama, na fedha zake pia ni akiba ya miaka. Halina kitabu, basi halina mkaguzi.

Sasa nije kwenye halmashauri. Kigamboni ilimegwa kutoka Temeke ikawa wilaya na manispaa yake, na ikaanza kujitegemea mwaka 2016 ikiwa na kata 9, kutoka Kigamboni ya kivukoni hadi Pembamnazi. Ilipozaliwa ilikuta maamuzi makubwa yameshafanywa. Mpango wa Mji Mpya ulikuwa wa wizara. Mradi mkubwa wa kuboresha miundombinu ya jiji, DMDP, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2015, ulipangwa kwa manispaa 3 za wakati ule, Ilala, Kinondoni na Temeke. Barabara za mitaa ziliondolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 zikapelekwa kwa wakala wa barabara, TARURA.

Na kuna daraja. Daraja la Nyerere, lenye mita 680 na njia 6, lilifunguliwa na Rais Magufuli Aprili 2016. Fedha nyingi zilikuwa za NSSF, na za Serikali sehemu iliyobaki. Kwa kuwa ni fedha za mfuko, zilitakiwa zirudi, na njia ya kuzirudisha ikawa tozo. Kuanzia mwaka ule mwenye gari dogo alilipa shilingi 1,500 kila anapovuka, mpaka viwango vilipopunguzwa mwaka 2022. Mwaka huohuo wa 2022, upande wa pili wa jiji, lilifunguliwa Daraja la Tanzanite linalopita baharini kuelekea Oysterbay, lililojengwa kwa mkopo wa Korea na fedha za Serikali. Pale hapana tozo. Sina ugomvi na daraja lolote kati ya hayo mawili, yote tuliyahitaji. Lakini tofauti ya nani analipa kuvuka haikupimwa katika baraza lolote la madiwani. Ilitokana na aina ya mfuko uliotumika, ikawa kama sheria ya maumbile.

Halmashauri isiyo na sauti juu ya mambo haya hufundishwa na mfumo wenyewe isiyaone. Wenyeviti wa mitaa mnajua bajeti inavyotengenezwa. Vipaumbele vinakusanywa kwenye mkutano wa mtaa, vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinafika kwa wataalamu wa halmashauri, na hapo vinakutana na ukomo wa bajeti ulioshuka kutoka Hazina. Mtaa umeomba kalavati, vyumba vya madarasa na kituo cha afya, ukomo unaruhusu kupaua boma moja. Kamati ya Fedha inakaa, baraza linapitisha, mkoa unapitia, TAMISEMI inapokea, Bunge linahitimisha. Katika safari yote hiyo hakuna fomu yenye mstari unaouliza: je, kuna amri yoyote iliyosimamisha wananchi wa mtaa huu kutumia ardhi yao, imedumu muda gani, na inawagharimu kiasi gani?

Kodi ya majengo inalifanya jambo hili kuwa gumu zaidi, na hapa naomba madiwani mnisikilize kwa makini. Zamani kodi hiyo ilikusanywa na halmashauri. Mwaka 2016 ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU: kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Ni njia nyepesi ya kukusanya, nakiri. Lakini imekata uzi uliokuwepo kati ya nyumba na ofisi ya manispaa. Kama kodi ya kila nyumba ingeingia moja kwa moja kwenye mapato ya ndani, kila boma lililozuiwa kupauliwa lingekuwa tundu katika hesabu za mweka hazina, na mweka hazina angekuwa wa kwanza kuuliza wizarani zuio linaisha lini. Leo tundu hilo halimgusi moja kwa moja.

Marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, aliyekuwa mbunge wa Kigamboni kuanzia 2010, aliibeba kero hii ya zuio bungeni kwa miaka. Alifanya kazi ya mbunge. Mwananchi alihitaji pia chombo cha karibu zaidi, chenye kumbukumbu na haki ya kudai.

Pendekezo langu ni hili. Zuio lolote la ujenzi linalozidi miezi 6, liwe la wizara, la wakala au la halmashauri yenyewe, liingizwe kwenye bajeti ya halmashauri husika likiwa na makadirio ya gharama ya kusubiri yaliyofanywa na mthamini, na tarehe ya kukoma. Likitakiwa kuongezwa, lirudi kwenye mkutano wa mtaa na baraza la madiwani lipige kura, kwa mwito, majina yaandikwe. Chombo kilichotoa zuio ndicho kibebe deni hilo, si halmashauri. Na tarehe ikipita bila uthamini, mwenye nyumba awe na haki ya kuitaka mamlaka ichague: imruhusu ajenge, au imnunue kwa bei ya soko.

Najua swali ambalo mweka hazina wenu ataliuliza, fedha hizo zitatoka wapi. Fedha hizo zimeshatoka. Zimelipwa kwa nondo zilizooza na kwa pango ambalo halikupokelewa. Swali lililobaki ni kama tutaziandika, na zikiandikwa, nani azilipe.

Sensa ya 2022 ilihesabu Kigamboni watu zaidi ya 317,000, na mipango mingine inakuja, ya viwanda, ya barabara, ya fukwe. Kila mmoja utakuja na mpaka wake na zuio lake. Hatuhitaji kusubiri sheria mpya ili tuanze kuhesabu. Mtendaji wa mtaa anaijua kila nyumba iliyosimama na sababu ya kusimama kwake. Chuo chetu kinao wanafunzi wa uthamini wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo. Tukiwapeleka Tungi na Mjimwema na daftari moja kwa kila mtaa, orodha ya kwanza inaweza kuwa mezani kwa Kamati ya Mipango Miji kabla ukomo wa bajeti ijayo haujashuka kutoka Hazina.