HOTUBA JUU YA WAZEE WALIOVUNJIKA NYONGA



Tumepewa nafasi kusema machache juu ya jambo zito katika nyumba zetu. Mzee huteleza msalani au hujikwaa kizingitini, nyonga huvunjika, na mara watu wa nyumba huanza kuulizana kwa sauti ya chini, "Je, atasimama tena?" Swali hili ni la haki. Lakini jawabu lililozoeleka, kwamba umri umekwenda na hapana la kufanya, si la haki hata kidogo.

Sisi si madaktari. Sisi ni makarani, na twasema yale yaliyohesabiwa na wenye ujuzi. Katika nchi nyingi, kadiri ya wazee 20 hadi 30 katika kila 100 waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kutimia. Hesabu hiyo yatisha, lakini tazameni na upande wake wa pili: walio wengi huishi.

Mwaka 2008 madaktari wa mji wa Nottingham, huko Uingereza, walitangaza kipimo cha kukadiria ni nani aliye hatarini katika siku 30 za mwanzo. Huangalia mambo saba: umri, kuwa mwanamume, upungufu wa damu, udhaifu wa kumbukumbu, kukaa katika nyumba ya kutunzia wazee, kuwa na maradhi mengine mawili au zaidi, na saratani. Umri una uzito mkubwa, lakini ni jambo moja tu katika saba. Bibi wa miaka 80 mwenye damu ya kutosha na akili timamu hahesabiwi sawa na mwenzake wa miaka hiyo hiyo mwenye upungufu wa damu na udhaifu wa kumbukumbu. Tena kipimo hicho kilitungwa kwa watu wa Uingereza. Basi na kiwe taa ya kutuonyesha nani ahitaji uangalizi zaidi, kisiwe hukumu.

Yako na mambo mengine yaliyo mikononi mwetu. Kubwa ni wakati. Tangu mwaka 2011 miongozo ya Uingereza yaagiza mgonjwa apasuliwe siku afikapo hospitali au siku ya pili yake, na asaidiwe kuinuka siku inayofuata upasuaji. Sababu yake ni wazi: mzee alalaye muda mrefu hushikwa na homa ya mapafu, hutoka vidonda mgongoni, na damu huganda miguuni. Mara nyingi hayo ndiyo yauayo, wala si mfupa wenyewe.

Kwa hiyo mzee akianguka, na mguu wake ukaonekana umefupika na kugeukia nje, asikandwe wala asivutwe. Apelekwe hospitali upesi, na jamaa wamweleze daktari alivyokuwa akitembea kabla, maana aliyekwenda kwa miguu yake mwenyewe ana matumaini makubwa zaidi ya kutembea tena. Tangu Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, njia ya kwenda kisiwani, iliko hospitali kuu ya Pwani, imekuwa nyepesi. Safari ndefu ni ile ya kutoka kitandani hadi mlangoni, watu wakingali wanashauriana.

Wazee wetu, ni desturi njema ya vyama vyetu kuchanga mara moja penye msiba. Twaomba haraka hiyo itangulie sanda. Mchango uliotolewa siku ya kuanguka waweza kumwinua mtu. Uliotolewa baada ya mwezi humsindikiza tu. Kadhalika kila nyumba ihakikishe kuwa wazee wake wameandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 1, 2024, na kwamba michango yao imelipwa kabla ya ajali, kwani ajali haina kinga.

Atakayeishi na atakayekufa Mungu ndiye ajuaye. Lakini atakayecheleweshwa na atakayewahiwa, hilo twaliamua sisi.