Kuthubutu Kuna Mizani Yake

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya swali linalozungumzwa sasa katika kila baraza letu: je, mafanikio hayapatikani ila kwa kujitosa katika mambo mapya? Vijana wetu wasema kuwa chama kisichothubutu huoza. Wazee wajibu kwamba kila jipya lina mtego wake. Ili tusigombane kwa maneno matupu, twapenda tuwachukueni mbali na visiwa hivi, hata Mwamgongo, kijiji cha wavuvi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma, jirani na Hifadhi ya Gombe.

Nyuma ya kijiji imesimama milima. Mbele yake liko ziwa ambalo kina chake kikubwa hufika mita 1,470 hivi. Huko asiyethubutu hali. Dagaa huvuliwa usiku, mbali na nchi kavu, na upepo hauna miadi na mtu. Hata hivyo mvuvi hajitupi ovyo. Hupima upepo, na hutazama mwezi. Mbalamwezi ikienea hubaki nyumbani, kwani taa yake haitaweza kuwavuta dagaa.

Zamani mvuvi wa mwambao ule aliwasha mwenge kichwani mwa mtumbwi, akachota dagaa kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Kuanzia miaka ya 1950 zikaingia taa za karabai, na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu mpana ukishushwa chini yake na kuinuliwa. Lilikuwa jambo geni na la gharama. Aliyeweka fedha zake katika nyavu na taa alijua kuwa dhoruba moja yaweza kuvimeza vyote. Waliothubutu walipata, na wengine wakawafuata. Hapa vijana wetu wana haki: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Faida ya wachache ilipokuwa desturi ya wote, mitumbwi ilizidi, nyavu zikazidi, na samaki wakapungua. Juu ya hayo, mwaka 2003 wataalamu walionyesha kuwa ziwa limezidi joto, na maji ya chini yenye rutuba hayapandi juu kama zamani. Mwaka 2024, kwa mapatano ya nchi zinazolizunguka ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Kusimamisha nako kulikuwa kujaribu jipya, na huenda ziwa lilikuhitaji. Walakini yatupasa kuuliza: hatari yake ilimwangukia nani? Mwenye mitumbwi mingi aweza kungojea. Mvuvi anayelipwa kwa usiku mmoja, na mwanamke aanikaye dagaa mchangani, huitoa wapi akiba ya miezi mitatu? Tazameni ndugu zetu wa Kisiwa Panza, huko Pemba, waliopata kufunga sehemu ya mwamba wao kwa muda ili pweza wakue. Walioamua ni wanakijiji wenyewe, na waliongojea ni wao hao hao. Ndiyo maana twasema kuwa kuthubutu kwao kulikuwa na mizani.

Ndugu wanachama, chama chetu nacho ni chombo cha usiku. Hapana shaka tutalazimika kujaribu mambo ambayo baba zetu hawakuyajaribu. Atakayengoja bahari itulie kabisa atalala njaa. Lakini kila linapoletwa jipya mbele yenu, msiulize tu kama ni la kishujaa. Ulizeni nani atalipa likiharibika. Ikiwa viongozi ndio waamuao ukumbini, na kijana wa tawi ndiye atakayelala mahabusu, au mama wa shamba ndiye atakayenyimwa haki yake, basi huo si ujasiri. Ni kucheza kamari kwa fedha ya mwenzio.

Na ulizeni pia ni nani aliyepewa amri ya kusema, "Turudi." Nahodha asiyejua kurudi hana sifa ya kutweka tanga.

Twawaombeni mthubutu, lakini mthubutu pamoja, na aliyeshika usukani awe wa kwanza kulowa.